Sikio la Kushoto

Kijana wa maelezo kavaa tai, kashika fimbo nyembamba,
anatwambia huyu hapa ni "Mwanamke Anayetafakari".
Anatafakari nini? Yule ni Mwanasiti wa Makorora,
katoka zamu ya usiku, wodini Bombo,
kaja kukaa kwa vile ulimwahidi bakuli la supu,
na kabla hujachanganya rangi ya shavu alishakoroma.
Ukasema, mwacheni. Ukamchora na mate yake ya usingizi,
yale wanayoyaita leo "chozi lililozuiwa".

Nimenyamaza, Tatu. Nimevaa shati la Idi,
sikuja kugombana na mtu wa tai.

Anasogea. "Karani wa Reli: mkao wa fahari."
Fahari ipi? Shekalaghe aligoma kuvua kofia, anaficha upara,
na shingo kaikaza vile kwa sababu kiti chako
kilikuwa na miguu mitatu, wa nne tofali;
ukipumua tu, kinakwenda upande.
Hata Mbaraka wa duka, aliyekudai unga na mafuta ya taa,
alipanda ngazi anafoka, daftari la madeni mkononi.
Ukamwambia, keti hapo penye mwanga.
Akaketi.
Ndilo hilo daftari mapajani mwake.
Kijana anasema ni kitabu cha dini.

Hukuwa na pesa. Hilo halikuandikwa popote ukutani.
Turubai lilikuwa gunia la katani, la kuomba kiwandani,
ukilipaka gundi ya muhogo,
chumba kizima kinanuka uji uliochacha.
Ile samawati wanayoisifu
ni masalio ya mlango wa mwenye nyumba, Barabara ya Kumi na Tatu.

Mimi nilikuwa fundi baiskeli chini ya dirisha lako.
Ukigonga bati mara mbili, napanda,
mikono na grisi yake.
"Usinawe," ulisema, "ukinawa utakuwa mtu mwingine."
Wiki nne nilikaa. Wakaniibia pampu.
Hatukuongea sana. Ulisema: kidevu. Au: umehama.
Sikuhama. Nilikuwa nakutazama.

Masika yale mke wa afisa wa bandari akataka picha,
analipa taslimu, na gunia hakuna.
Kwanza ulinigeuza, nikatazama ukuta siku mbili.
Siku ya tatu ukanipaka nyeupe,
ukaanzia kwenye paji la uso; la mwisho likawa sikio.
Nilikuwa mlangoni, mnyororo wa baiskeli mkononi.
"Nitakuchora tena, Mbelwa."
Nikasema, haina neno.
Mtu husema haina neno
akiwa na maneno chungu nzima.

Sasa tumefika kwake, "Bibi wa Bandari",
picha pekee yenye mlinzi.
Tazameni shanga, anasema kijana, tazameni hariri,
hapa mkono wa msanii umekomaa.
Mimi natazama juu ya bega, penye pindo la mtandio.
Rangi imechoka pale, imepasuka,
na ndani yake kuna kitu cha kahawia
kilichojikunja kama korosho.

"Huo unyevu," kijana kaniona.
"Pwani hii haina huruma na picha. Mwakani watapaziba."
"Wasipazibe!"
Sauti imenitoka kama ya Mbaraka na daftari lake.
Watoto wa shule wote wamegeuka.
"Kwa nini, mzee?"

Ningesema nini? Kwamba spoki ilinichana hapa, ukubwani,
na wewe ulitumia asubuhi nzima kwenye kovu hilo,
ulimi umeuuma pembeni, hupumui?
Binti mmoja wa sare ameitazama picha,
akanitazama mimi, akarudi kwenye picha.
Kamfinya mwenzake.

Nimesogea hadi pua inakaribia bega la yule bibi.
"Mzee, usiguse!" mlinzi kainuka.
Sigusi.
Nanusa tu. Muhogo.